Kiti cha Nyuma cha Chui

Huxi, Visiwa vya Penghu
20 Februari 2038

Mdogo wangu Chin-shui,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia shemeji yako mpaka yule jogoo wetu asiyejua saa. Hatujambo, tunamshukuru Mama Mazu anayetulinda watu wa bahari. Upepo wa kaskazini bado unatupiga, ila umeshaanza kuchoka, mchana unapumzika. Shemeji yako anashona nyavu za vizimba vya samaki na mgongo wake unamlalamikia kama kila mwaka. Mimi na masufuria yangu tuko vile vile. Sikukuu ya mwaka mpya nimeuza keki za sukari guru mpaka nikamwambia Mama Mazu asinizidishie wateja, mikono ni miwili tu.

Nakuletea keki kumi na mbili. Nimeweka pia pakiti nne za vile vitafunio vya mahindi, maana uliniambia huko kwenu ndege haziamki bila hivyo. Nilicheka, lakini nimeweka.

Sasa neno lenyewe. Mwanangu Yin-chi alikuja sikukuu. Alikula, akalala, akamsaidia baba yake kuvuta kamba, na asubuhi ya kuondoka akaweka karatasi mezani, akaikandamiza kwa bakuli la karanga isipeperuke. Inasema kwamba kwa kuwa ni mtoto wa pekee, hawezi kutoka mazoezini na kuingia kikosi cha kwanza cha ndege za Chui mpaka mzazi mmoja agonge muhuri wake wa jina. Nikamtazama baba yake. Baba yake akatazama karanga. Akasema, "Muhuri uko kwenye droo yako." Wanaume hawa! Mwisho ni tarehe thelathini na moja Mei. Nisipogonga, atapewa kazi ya mezani.

Wewe ndiye fundi wa hao Chui, na wewe ni damu yangu. Sina mwingine wa kumuuliza. Ndege hiyo ni salama?

Nijibu kwa barua, najua simu zenu zinabaki getini.

Dada yako,
Su-chiao

*

Taitung
11 Machi 2038

Shikamoo, Dada.

Mimi ni mzima. Milima imefunikwa na mawingu, mvua haikati, na matomoko ya mwisho wa msimu ni matamu kuliko ya mwanzo. Nimekutumia sita. Yakifika yamepondeka, mpe shemeji, yeye hachagui.

Keki zimefika. Kumi na mbili zilitoka kwako, saba zimenifikia mimi. Ofisi inayosoma barua zetu inasema ilichukua chache kwa uchunguzi. Nadhani waliridhika.

Lakini Dada, umeniaibisha. Vitafunio umeleta vya manjano! Hujui? Jina la vitafunio vile ni "Kuwa Mtiifu", na ndiyo maana tunaweka pakiti juu ya kabati la zana, mashine isome na itii. Ila sharti iwe ya kijani. Kijani maana yake nenda. Manjano maana yake tahadhari. Tena tarehe ya kuharibika isiwe imepita, la sivyo utii nao umepita. Sajenti Tung, mtu mwenye shahada mbili za uhandisi, alipoona manjano karibu na tairi la Chui namba nne alipiga kelele kama aliyekanyaga nyoka. "Nani kaleta balaa hili?" Nikasema, "Dada yangu." Akasema, "Basi tulimalize kwa heshima." Tukavila vyote, pakiti zote nne, tumesimama.

Kuhusu swali lako.

[Mistari minne imefutwa kwa wino mweusi.]

Natumaini nimekueleza vya kutosha.

Mdogo wako,
Chin-shui

*

Huxi
8 Aprili 2038

Mdogo wangu,

Matomoko yamefika uji. Shemeji yako ameyanywa kwa kijiko na anakushukuru.

Juzi tulikwenda kusafisha makaburi. Nilikata majani kwa Baba na Mama, nikawafukizia ubani, nikawaambia habari zako, kwamba huoi na unaabudu vitafunio. Baba alikuita Chin-shui akikuombea mali iingie kama maji, asifikirie kwamba hakuna nahodha Penghu nzima atakayepakia mtu anayeitwa Maji-yaingia. Ndiyo ukakimbilia ndege. Sasa naona umekimbilia na ukimya pia. Mistari minne, yote myeusi! Ulichelewa kusema mpaka miaka mitatu, naona umerudi kule kule.

Wiki iliyopita Taa alipita hapa. Huku ndege hiyo hatuiiti kwa jina waliloipa wenyewe wa ng'ambo ya mlango-bahari. Wavuvi wanaiita Taa, kama samaki taa, kwa sababu ni bapa, nyeusi, ina mkia, na haina mahali pa mtu kukaa. Alikuja chini sana, juu ya gati, tukiwa tunaanika ngisi.

"Huyo amekuja kununua keki za Su-chiao," akasema jirani yangu A-hong.

"Mwambie foleni inaanzia nyuma!" akasema mwingine.

"Na alipe kwa pesa za hapa!"

Tulicheka. Lakini nilipotazama chini, ngisi wangu nilikuwa nimemkunja mkononi kama nguo ya kufua.

Yin-chi alikuwepo siku ya makaburi. Jioni nikamwambia, "Nimekuzaa mmoja."

Akasema, "Najua, Mama. Nimehesabu."

"Usinifanyie mzaha. Kwa nini wewe? Wenzako wana kaka, wana dada."

"Kwa sababu naiweza, Mama. Kama wewe na keki. Kuna mtu alikuuliza kwa nini wewe?"

"Keki haidondoki."

"Usipogonga muhuri sitakugombeza," akasema. "Nitakaa mezani. Nitakulaumu kwa adabu, maisha yangu yote."

Ana ulimi wa bibi yake. Asubuhi yake alinibusu kichwani, akaondoka, na karatasi akaiacha pale pale.

Nikaenda hekaluni. Nikapiga magoti, nikarusha vile vipande viwili vya mbao, nikamuuliza Mama Mazu, "Mwanangu atakuwa salama akiingia kwenye Chui?" Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Mimi vikalala chali vyote viwili, yaani Mama anacheka. Nikarudia. Akacheka. Mara ya tatu akacheka tena, mdogo wangu, mpaka nikaona haya mbele za watu.

Bi Kuei, yule anayefagia hekalu, akaegemea ufagio wake. "Anacheka kwa sababu unamuuliza vibaya," akasema. "Unataka akupe hali ya hewa ya miaka ishirini. Hata redio haiwezi."

"Nimuulize nini basi?"

"Mimi nafagia tu," akasema.

Kwa hiyo nimebaki na wewe. Niambie jambo lolote. Najua unajua.

Dada yako,
Su-chiao

*

Taitung
3 Mei 2038

Shikamoo, Dada.

Nisamehe kuchelewa na nisamehe mwandiko. Sikuwa sawa kwa siku kadhaa. Si ugonjwa, usianze kuchemsha tangawizi. Ni jambo la kazi na sitalisema.

Nitakuambia lingine, ambalo mwenye wino atakubali, kwa kuwa aibu ni yangu na si ya taifa. Kwetu kila chombo cha kazi kina shimo lake kwenye kabati, lenye umbo lake. Jioni tunafunga kazi, tunatazama mashimo. Shimo moja likiwa tupu, hakuna ndege inayoruka. Katikati ya Machi kilikosekana kitu kidogo, kifuniko cha bisibisi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Chui namba nne alikaa chini siku tisa. Tulimfungua sakafu, tukammulika kila kona. Wakubwa walikuja na saa zao mkononi. Mmoja akasema, "Kwa kifuniko?" Sajenti Tung akamjibu, "Ndiyo, Afande, kwa kifuniko," na mkubwa akaondoka.

Yin-chi alikuja kila siku baada ya mazoezi. Hakuitwa. Alilala kifudifudi chini ya bawa na tochi pamoja na sisi, nywele zimejaa grisi.

Siku ya tisa nikakiona ndani ya kopo langu la chakula. Mimi mwenyewe, Dada. Kilikuwa kimedondokea kwenye wali, nikakifunika, na kopo nikalisahau chini ya benchi. Ningeweza kukitupa chini ya tairi nikasema, "Hiki hapa!" Nilisimama nacho mkononi dakika nzima. Kisha nikakipeleka kwa Sajenti pamoja na kopo. Nimekatwa likizo ya miezi mitatu. Yin-chi alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba," akasema, "ungekimeza kabisa, tungekusubiri."

Ndiyo habari yangu. Huko Huxi upepo umetulia? Fataki za sikukuu ya masika zimeanza bandarini? Shemeji mgongo wake unaendeleaje?

Chin-shui

*

Huxi
14 Mei 2038

Mdogo wangu,

Upepo umetulia, fataki zimeanza, mgongo wa shemeji yako umepona siku ile ile samaki walipopanda bei. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea yeye. Aliposikia habari ya kopo akatikisa kichwa, akasema, "Huyo ndiyo maana hajaoa." Lakini nilimwona akitabasamu kwenye nyavu.

Nina jambo sijakuambia. Sijamwambia mtu, hata Bi Kuei, ambaye anajua kila kitu. Mwaka juzi Yin-chi alipokwenda kupimwa macho kwa ajili ya Chui, nilikwenda hekaluni alfajiri nikamwomba Mama amfanye asione vizuri. Si kipofu, la. Kidogo tu. Kiasi cha kufeli. Macho ya mwanangu mwenyewe, Chin-shui! Macho niliyoyapangusa mimi. Nikatoa na matunda juu yake, machungwa mazuri, nimechagua. Alifaulu. Akanipigia simu kwa furaha, nami nikapiga kelele za furaha, na tangu siku ile nikimtazama usoni naanza na kidevu.

Nimefikiri sana kuhusu kucheka kwa Mama. Nadhani wewe nawe nimekuuliza vibaya. Nimekuuliza habari za ndege, na hizo si zako kusema. Basi naliacha swali lile, mwenye wino apumzike. Yin-chi ameniambia kitu kimoja tu, kwamba Chui ana viti viwili, cha mbele na cha nyuma. Nakuuliza habari zako wewe. Yin-chi akiwa kiti cha mbele, wewe Chin-shui, uliyetapika kwenye bembea ya shule, ungekaa kiti cha nyuma?

Dada yako anayekupenda,
Su-chiao

*

Taitung
23 Mei 2038

Shikamoo, Dada.

Nilishakaa.

Ndilo jambo ambalo sikutaka kulisema. Si siri ya jeshi, ni siri ya tumbo langu. Sitasema siku, sitasema mahali, sitasema mwendo wala kimo. Mwenye wino, tafadhali, soma kwa upole.

Kwenye kikosi chetu kuna desturi: anayetia saini kwamba ndege iko tayari, ndiye anayepanda kwanza. Sajenti Tung aliileta. Anasema kalamu huwa nzito zaidi ukijua utakaa juu yake. Niliijua desturi hiyo tangu siku ya kwanza, na nilipanga siku hiyo niwe na homa. Homa ikakataa kuja. Nikatia saini, nikavaa, nikafungwa mikanda kama mtoto mgongoni, na mbele yangu nikaona kisogo cha Yin-chi. Ndipo nilipojua ni nani anayeniendesha. Hawakuwa wameniambia.

"Mjomba, uko hai?"

"Niulize tukishuka."

"Umetapika?"

"Mara mbili. Kwa utaratibu."

"Mfuko umefunga?"

"Nimefunga, mwanangu. Mimi ni fundi."

Basi kwa muda nikafumba macho. Nikamsomea Mama Mazu dua zote, nikakwama kwenye ile ndefu, nikaanza upya. Nilipofumbua, bahari ilikuwa chini yetu imetulia kama sahani, na Chui alikuwa ananguruma sawasawa, kila kitu mahali pake. Namjua yule mnyama. Ningesikia hata skrubu moja ikikohoa. Hakukohoa.

Kisha Taa akaja ubavuni. Karibu mno. Niliziona riveti zake, na kama fundi nikuambie ukweli, kazi yao ni safi. Ila hakuna kioo, hakuna uso. Huko ng'ambo kuna mtu amekaa chumbani anaiongoza kwa mbali. Kama amekula, kama amelala, kama ana hasira, mimi nitajuaje?

Yin-chi aligeuza kichwa mara moja, akamtazama. Kisha akasema, "Mjomba, mikono mapajani. Usiguse kitu." Nikaweka mapajani. Ilikuwa inatetemeka, na ilitetemeka mpaka wiki ya pili, ndiyo maana ya ule mwandiko.

Hakupinda, hakuongeza mwendo, hakujionyesha. Alikwenda moja kwa moja kama anayebeba maji kichwani. Akafungua redio, kwa wimbi ambalo na wao wanasikia, na sauti aliyotoa naijua, Dada, ni yako. Ile unayotumia kumtoa mlevi dukani bila kumvunjia heshima.

"Kaka," akasema, "umepotea njia. Nyumbani kwenu ni kulia."

Akasubiri. Akasema tena, kwa upole ule ule, "Kulia, kaka. Hujachelewa."

Tukaenda hivyo sambamba, sijui dakika ngapi, nilizeeka. Kisha yule Taa akainamisha bawa, akapinda kulia, akaenda zake.

Yin-chi akapumua. Akasema, "Yule wa kule chumbani huenda alikuwa na zamu ndefu." Tukarudi. Alitua kwa ulaini, nikashushwa na watu wawili.

Umeniuliza kama ningekaa. Nimekaa, na ningekaa tena, ila si baada ya kula. Zaidi ya hapo sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya.

Kuhusu macho: Dada, Mama Mazu ana yule mlinzi pembeni yake, Macho-ya-Maili-Elfu. Utamwombaje upofu mbele ya huyo? Walikusikia wote wawili, wakakujua, wakakuachia. Nenda ukamtazame mwanao juu ya kidevu. Machungwa yale huenda Bi Kuei aliyala.

Mdogo wako,
Chin-shui

*

Huxi
1 Juni 2038

Mdogo wangu Chin-shui,

Salamu kutoka kwa shemeji yako, ambaye nilipomsomea barua yako aliondoka mezani, akaenda kusimama nje kwenye vizimba muda mrefu. Aliporudi akasema macho yake yameingia chumvi. Sikumbishia. Bahari ilikuwa shwari kabisa.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi nilioga, nikavaa ile blauzi ya bluu, nikaenda kwa Mama. Nikapiga magoti. Safari hii sikuuliza kama atakuwa salama. Nilisema, "Mama, nimeogopa kwa ajili yake na kumpa hofu yangu aibebe. Naweza kuibeba mwenyewe?" Nikarusha. Ndiyo. Nikarusha tena. Ndiyo. Unajua inatakiwa mara tatu. Mara ya tatu kipande kimoja kikalala chali, na kingine kikaviringika chini ya meza ya sadaka, kule ndani kwenye masanduku ya mishumaa.

Bi Kuei akasema, "Ngoja nilete tochi tuone."

Nikamwambia, "Acha."

"Hutaki kujua?"

"Nikiona anacheka nitakaa hapa mpaka saa ya kufunga ofisi. Acha tu, Bi Kuei."

Akanitazama. Akarudi kufagia.

Nyumbani nikafungua droo. Muhuri ule wa pembe Baba alinichongea nilipoolewa. Nikaupaka wino mwekundu, nikaugonga, ukatoka umepinda kidogo kwa sababu vidole vilikuwa na sukari. Shemeji yako akasema hata ukipinda unasomeka. Kisha akasema, "Na mimi niweke wangu?" Nikasema wanataka mmoja. Akasema, "Lakini nafasi ipo." Basi akagonga wake pembeni ya wangu, sawasawa, bila kupinda. Akafurahi kama amenishinda mbio.

Nikapeleka mwenyewe kwenye ofisi ya wilaya. Palikuwa na karani, binti mwenye kucha ndefu za rangi ya pichi, alikuwa anakula na kujaza fomu kwa pamoja.

"Jina, Mama?"

"Yen Su-chiao."

"Anwani?"

Nikamwambia.

"Uhusiano wako na rubani?"

Mdogo wangu, miaka sita Yin-chi amekuwa huko, na mimi kwa watu nasema yuko jeshini, yuko Taitung, yuko karibu na mjomba wake. Neno hilo sijawahi kuliweka mdomoni pamoja na jina lake. Na huyu mtoto wa watu amelitoa hivi hivi, na chapati ya vitunguu mkononi.

Nikamwambia, "Samahani, binti, sijasikia vizuri."

Akainua kichwa, akasema kwa sauti, taratibu, kama tunavyowasemesha wazee, mpaka foleni nzima nyuma yangu ikasikia: "Uhusiano wako na rubani, Mama?"

Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza.

Dada yako,
Su-chiao